Pini ya Sufuria ya Takyiwaa

Mimi, Bonsra, nimekuwa nikiyeyusha na kusubu chuma hapa Suame, mtaa wa mafundi wa Kumasi, miaka thelathini na minane. Kama umewahi kula dokono, ule mkate wetu wa unga wa mahindi uliochachuka, popote kati ya Kumasi na Tamale, kuna uwezekano mkubwa mahindi yake yalipita kwenye mashine yangu, kwa hiyo anza kwa kunishukuru. Shule niliishia la sita, tena hilo la sita lenyewe nililisoma nusu. Mwalimu aliniambia nirudi na ada, mimi nikarudi na nyundo. Nasema haya ujue kwamba mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona injini ya lori ikifufuka baada ya kulala mtoni miezi miwili, na sikufungua mdomo. Lakini mtoto wa dada yangu, Takyiwaa, alinifanya nifungue mdomo, na mpaka leo haujafunga vizuri. Nikimkuta amesimama mbele ya tanuri, napita taratibu, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka Mampong, amebeba shafti iliyopinda. Ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Shafti yenyewe niliijua mara moja. Ilitoka kwenye mashine ya kusaga niliyomtengenezea mama yake, dada yangu Dufie, na ambayo ilimlisha Dufie na wanawe miaka minne kabla ya siku ile ya sarafu.

Siku ya sarafu ilikuwa hivi. Kule kwetu mtu akipeleka mahindi yaliyolowekwa kusagwa, beseni liko kichwani na mikono imelishika, kwa hiyo sarafu ya malipo anaichomeka ndani ya mahindi yenyewe isije ikamponyoka njiani. Msagaji anaingiza vidole, anaitafuta, anaitoa, ndipo amimine. Kila mtu anajua hivyo, hata mbuzi. Sasa asubuhi moja Takyiwaa alikuwa anamsaidia mama yake, akacheka na rafiki yake kidogo, akamimina bila kutoa. Sarafu ikaingia kati ya sahani za kusagia, sahani zikagoma, injini ikaendelea kuvuta. Shafti ikapinda kama mkia wa mbwa. Ganda la mashine likapasuka. Dada yangu akarudi kwenye jembe, na mtaa ule mzima ukawa unabeba mabeseni maili mbili.

Nilipofika kuiona nilimwambia huyu binti mbele ya watu, "Mashine yangu haina kosa. Kosa ni kichwa chako." Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa akili, nikaanza kuandika kwenye kila mashine mpya, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: TOA SARAFU KWANZA. Niliona nimemaliza tatizo hilo duniani.

Nikampokea karakanani. Nilitaka afagie tu. Baada ya mwaka alikuwa anachomelea vizuri kuliko vijana wangu, baada ya miwili alikuwa anasubu ganda zima bila hata tundu la hewa. Shingoni alivaa kamba yenye sarafu iliyotafunwa nusu. Nikadhani ni dawa ya mganga, nikamtania, "Hiyo ya mume au ya mtihani?" Akasema, "Ni ya mashine, Mjomba." Ilikuwa sarafu ile ile.

Kilichonichosha kwake ni maswali. Mimi nikitengeneza kitu najiuliza maswali mawili: kitauzika? Nitabaki na nini? Yeye alikuwa na swali moja, na aliliuliza kwa kila kitu, hata kwa boliti. "Mjomba, hii itasaga asubuhi ngapi?"

"Asubuhi ngapi kivipi? Mteja akishapakia kwenye gari, asubuhi ni zake."

"Zikiisha zake, zetu zinatoka wapi?"

"Zinatoka kwa mteja mwingine, we mtoto! Ghana imejaa watu."

Na tena nilimweleza siri ya kazi, siri ambayo sikuwahi kumwambia hata mke wangu. Mashine ikivunjika, mwenye mashine anarudi kwangu kununua shafti na sahani. Nauza mara moja, nakula mara tatu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee amevaa shati kinyume lakini hataki kumwaibisha.

Mwaka wa nne akaniletea pini. Mashine inaendeshwa hivi: mkanda unatoka kwenye injini, unazungusha gurudumu tunaloliita puli, na puli imeshikamanishwa na shafti kwa pini. Pini yangu ilikuwa chuma kigumu, naweza kukuhakikishia, hata nyundo inaomba radhi. Ya kwake alikuwa ameisubu kwa sufuria kuukuu, alumini laini, nene kama penseli.

"Hii itakatika," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Unaelewa nimesema itakatika?"

"Naelewa, Mjomba. Sarafu ikiingia, kitu fulani lazima kife. Nimechagua kife hiki."

"Hakifi kitu mtu akitoa sarafu! Nimeandika pale mbele!"

"Alfajiri, giza bado, watu kumi na watano kwenye foleni, mwingine anakusimulia habari za harusi. Mjomba, wewe ungekumbuka kila siku, miaka kumi?"

"Mimi? Mimi sijawahi kusahau kitu."

"Miwani yako iko kichwani. Umeitafuta tangu asubuhi."

Karakana nzima ikacheka. Nilivaa miwani yangu nikaenda kunywa maji.

Basi siku moja akaja Hajia Memunatu. Huyu ni mfanyabiashara wa mahindi wa Techiman, mwanamke ambaye akitia mkono kwenye gunia anakuambia mvua ilinyesha mara ngapi shambani. Alitaka mashine sitini za kupeleka vijiji ambako ananunua mahindi. Sitini! Suame nzima ilisikia kabla sijamaliza kumwekea kiti. Nikawasha mashine yangu, ikanguruma, ikasaga beseni la majaribio bila kutoa jasho. Hajia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Takyiwaa akawasha ya kwake, aliyoitia ile pini ya sufuria, akachukua sarafu mfukoni, akaitia ndani ya mahindi watu wote wakiona.

Tak! Pini ikakatika. Puli ikabaki inazunguka bure, sahani zikasimama kimya.

Nimeishi Suame muda mrefu, lakini kicheko kile sijakisikia tena. Mafundi walitoka chini ya magari. "Mashine ya sufuria! Ipelekeni jikoni!" "Dada, na ile ya udongo unaleta lini?" Takyiwaa hakuinua uso. Alifungua kifuniko, akatoa sarafu, akagonga kipande cha pini kikatoka, akaingiza nyingine, akawasha. Muda wa mtu kumenya yai na kulila. Mahindi yakaendelea kusagika.

"Hajia, umeona?"

"Nimeona, binti yangu. Lakini mimi nanunua mashine. Sinunui ugonjwa pamoja na dawa yake."

"Basi mwambie Mjomba atie sarafu kwenye ya kwake."

Wote wakanigeukia. "Mashine yangu si ya michezo," nikasema. "Na mnajua kusoma. Imeandikwa."

Hajia akachukua sitini za kwangu. Nikamvuta binti pembeni, maana mimi si mtu mbaya. "Weka pini ya chuma. Nitakupa thelathini, usubu kwa jina lako. Kesho una karakana yako mwenyewe." Aliitazama ile mashine yake muda mrefu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, anavaa viatu vyangu vya zamani, na nilikuwa nimemwekea karakana mkononi. Akasema hapana. Akamwendea Hajia, akamwomba achukue tatu tu za kwake, azipeleke mbali zaidi, mahali ambapo hakuna fundi. Hajia akakubali.

Kisha akanigeukia na kusema jambo mbele ya mashahidi. Hajia akirudi kununua tena na kutaka za kwangu, yeye atasubu kwa kalibu zangu, zile za kumiminia chuma, mpaka mikono imchoke na hatataja pini tena. Akirudi anataka za kwake, kalibu zote ni zake, na kinachotoka chini ya paa hili anakiamua yeye. Sasa kwa desturi yetu vitu vyangu vingemwendea mtoto wa dada yangu hata hivyo, lakini hiyo ni baada ya mimi kufa, na mimi nilitaka kuendelea kuishi huku nikitiiwa. Hata hivyo nilikuwa na mashine sitini kifuani. Nikakubali. Mapatano kama hayo tunayafunga kwa kumwaga kinywaji kikali chini. Yeye kwa kuwa ni mtu wa kanisa alimwaga malta, kile kinywaji kitamu kisicho na kilevi. Sisimizi walifurahi sana.

Mwaka wa kwanza nilikula vizuri, usinione hivi. Watu wa vijiji vya Hajia walikuja na shafti zilizopinda, sahani zilizomeguka, maganda yaliyopasuka. Nikawauzia. Nikaezeka nyumba. Mwaka wa pili wakaja zaidi. Kwa Takyiwaa alikuwa anapita dereva mmoja wa Hajia mara chache, ananunua pini kumi na mbili za sufuria zilizofungwa kwenye gazeti, anaondoka. "Umepata bei ya dokono bila samaki," nikawa namwambia. Alikuwa anacheka, anarudi kwenye tanuri.

Mwaka wa tatu wateja wangu wakapungua. Wa nne wakaja wawili. Wa tano hakuja mtu. Na mimi, mwenye akili zangu, nikatangaza Suame nzima kwamba mashine zangu sasa zimezoea kazi, zimekomaa, haziharibiki tena. Nilimnunulia kila fundi soda.

"Mjomba," Takyiwaa akaniuliza huku ameshika soda yake, "umewahi kumuuliza mtu mmoja kwa nini hawaji?"

"Mgonjwa aliyepona anaenda hospitali kufanya nini?"

Alikunywa soda yake yote na kuniomba nyingine.

Mwaka wa saba Hajia akarudi. Alishuka kwenye lori la magunia, amekonda kidogo, sauti ile ile. Alisema anataka mashine arobaini. Nikamwambia nianze kusubu leo au kesho? Akasema, "Pandeni lorini kwanza, wewe na binti. Nataka mnisaidie kuchagua." Moyo wangu ulikuwa mwepesi kama pamba. Njia nzima niliimba.

Kijiji cha kwanza walinionyesha mashine yangu nyuma ya nyumba. Ndani ya mdomo wa kumiminia mahindi alikuwa amelala kuku, juu ya mayai saba. Chini ya kuku, herufi zangu nyekundu zilikuwa bado zinasomeka vizuri kabisa: TOA SARAFU KWANZA. Rangi yangu ni nzuri, hilo hakuna wa kunipinga.

Mwenye mashine alikuwa mzee mpole. "Ilikufa mwaka wa pili, bwana. Shafti tulikuletea mara mbili. Mara ya tatu nauli ikatushinda."

"Sasa mbona hamkunipa habari?"

"Habari ya nini? Tulikuwa tumesharudi shambani."

Kijiji cha pili puli yangu ilikuwa imetundikwa kanisani, wanaigonga kama kengele. Nikasema angalau bado inaita watu. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Cha tatu, walikuwa wameigeuza kiti cha kusukia nywele. Hajia akatuambia bila kupandisha sauti kwamba katika zile sitini, zinazosaga zimebaki kumi na moja. Nikafanya hesabu polepole, hesabu ya la sita nusu. Watu arobaini na tisa waliuza ng'ombe au shamba la kakao kununua mashine yangu, nikawauzia shafti mbili tatu, kisha nikawapoteza wote. Na mimi nilikaa Kumasi nikinunulia watu soda kwa furaha ya ukimya wao.

Tulilala kwa ndugu wa Hajia, tukaondoka alfajiri. Njia ilikuwa imelowa umande, lori linakwenda kwa magoti. Hapo ndipo niliposikia.

Ilikuwa mbali sana mwanzoni, nikadhani ni damu masikioni. Kisha ikawa sauti yenyewe, ile sauti ya mashine ya kusaga inayopanda na kushuka, kama mwanamke anayeita watoto upande wa pili wa bonde. Fundi anaijua sauti ya shafti iliyonyooka. Haikuwa na mtikisiko hata mmoja. Miaka saba! Mashine ya miaka saba, kijiji ambacho hata dereva wa Hajia alipotea mara mbili kukifikia, inaimba kama imetoka tanurini jana. Nilishika ubao wa lori. Takyiwaa alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inatikisika, sijui anahesabu au anasali.

Mwenye mashine aliitwa Kyeraa, mjane, mnene, mwenye maneno mengi. Foleni ya mabeseni ilikuwa imezunguka nyumba mpaka kwenye choo. Tukasimama kando tutazame. Alikuwa anamsimulia jirani habari za mkwe wake, anamimina huku anasimulia, na mkwe alipofika mahali pabaya, tak! Puli ikazunguka bure.

Mimi nilifumba macho. Mwili wangu ulijua kinachofuata: chuma kulia, ganda kupasuka, mama kukaa chini na kushika kichwa. Hakikufuata kitu. Nilipofumbua, Kyeraa alikuwa ameshatoa sarafu, amegonga, ameingiza pini mpya aliyoichomoa nyweleni mwake, ndiyo, alizihifadhi kwenye kilemba! Na hakuwa ameacha kusimulia. Mkwe alikuwa bado yuko kwenye sentensi ile ile.

"Mama," Hajia akamwambia, "nimekuletea aliyeitengeneza."

Kyeraa alitutazama mmoja mmoja, akanipita mimi mwenye mvi na tumbo, akasimama kwa Takyiwaa. "Huyu? Mdogo hivi?" Akaingia ndani mbio, akatoka na kopo la maziwa. Akalimimina kwenye mkeka.

Zilikuwa sarafu, zimeng'atwa, zimepinda, nyingine zimebaki nusu. Thelathini, na ile ya asubuhi ya thelathini na moja. "Kila iliyoliwa nimeiweka. Watu wananiambia nizipeleke benki. Nikawaambia hapana, siku moja atakuja mwenyewe nimwonyeshe mara ngapi nimesahau."

Nilipiga magoti. Nilizigusa moja moja. Mashine ya dada yangu iliuliwa na sarafu moja. Hapa palikuwa na vifo thelathini na kimoja, na mashine ilikuwa pale pale inatoa mvuke wa mahindi, na watu wanagombania foleni. Kwa sarafu nyingine, zile alizokumbuka kuzitoa, Kyeraa alisomesha wanawe wawili. Kaka yake alisikia, naye anataka kwa Hajia ya kusagia karanga. Shangazi yake wa ng'ambo ya mto anataka. Wale arobaini wote walioagiza kwa Hajia walikuwa wamesikia sauti ya mashine hizi tatu, kijiji baada ya kijiji. Tatu zilizaa arobaini. Sitini zangu zilizaa mayai saba ya kuku.

Na yote hayo aliyaona mtoto wa miaka ishirini na tatu, siku ile watu wanamcheka, ndani ya kipande cha sufuria. Nilimtazama kama sijawahi kumwona.

Takyiwaa akavua ile kamba shingoni, akaiweka sarafu yake katikati ya zile nyingine. "Sasa ni thelathini na mbili," akasema. Kisha akalia, kidogo tu, kama mtu anayeshusha beseni.

Tuliporudi Suame nilimkabidhi kalibu mbele ya mashahidi wale wale, na malta niliinunua mimi. Nikamuuliza, "Bosi, tunaanza kusubu arobaini lini?"

"Tunaanza na zile arobaini na tisa zilizokufa. Tunatoboa shafti, tunaweka pini laini. Bei ya nauli tu."

Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. "Bure? Mashine tulizokwisha kuuza? Faida iko wapi?"

"Mjomba, wale waliamini karakana hii mara moja wakanyamaza. Zikiimba tena, miaka kumi kuanzia leo watoto wao watakwenda kununua kwa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu. Ndio huo ambao haujafunga mpaka leo.

Lakini kabla ya hizo tulianza na ya Mampong, ya dada yangu Dufie, iliyokaa kimya miaka kumi na moja. Tuliisubia ganda jipya. Shafti niliitoboa mimi mwenyewe, sikumruhusu mtu kushika keekee. Dufie ni mzee sasa. Alileta beseni lake, akaingiza vidole kwenye mahindi kwa mazoea, akaipata sarafu, akaishika juu tuione. Kisha akamtazama mwanawe, akairudisha ndani, akamimina.

Tak.

Takyiwaa alitaka kusogea nikamzuia kwa kiwiko. Nikafungua kifuniko, nikatoa sarafu, nikagonga, nikaingiza pini ya sufuria, nikawasha. Nilichelewa kidogo, yai zima na nusu. Nimekwisha kuwaambia wote hapa Suame kwamba kilichonichelewesha ni baridi ya Mampong.